Sanduku la Bibi Harusi

Somo letu la leo ni la sanduku. Si la bati. Ni sanduku kubwa la mbao la matajiri wa mji wa Florence, nchi ya Italia, katika karne ya 15, yaani zaidi ya miaka 500 iliyopita.

Binti alipoolewa huko, nguo zake zilitiwa humo. Sanduku likakaa chumbani kwa maharusi. Mahari nayo ilikwenda kinyume na yetu: baba wa binti ndiye aliyemlipa mume!

Seremala alipomaliza kazi, mchoraji alipaka picha. Wakati huo watu wa Florence waliyapenda mno mambo ya Warumi wa kale. Basi wakachora hadithi za Warumi. Tutazame masanduku mawili ambayo Lorenzo Morelli alitengenezesha mwaka 1472 alipomwoa Vaggia Nerli. Leo yapo London. Kwenye ubao wa nyuma wa sanduku moja amechorwa askari Horatius, akiwazuia maadui darajani wasiingie Roma. Aliyeyatazama alifundishwa ushujaa.

Na mke je? Masanduku mengine yalichorwa hadithi ya Wasabini. Warumi walikosa wake. Wakawaalika jirani zao Wasabini kwenye sherehe, kisha wakawanyakua binti zao. Baadaye baba zao walikuja kupigana. Wale wanawake wakasimama katikati ya majeshi, wakawapatanisha baba na waume. Bibi harusi alitakiwa asome hapo kwamba kazi yake ni kuunganisha koo mbili. Sawa. Lakini sisi tunaona na jambo jingine: mabinti wale hawakuulizwa. Na huyo bibi harusi aliyepewa sanduku, je, aliulizwa?

Katika karne ya 16 masanduku mengi yalichongwa badala ya kupakwa rangi. Miguu yake ilifanywa kama ya simba, alama ya nguvu. Pembe iliyojaa matunda ilikuwa alama ya neema. Mengine yaliigwa umbo la majeneza ya mawe ya Warumi. Ajabu, sanduku la harusi kufanana na jeneza! Wao waliyapenda mambo ya Warumi wa kale.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini hadithi ya Wasabini ilichorwa kwenye sanduku la harusi?
2. Tazama khanga, mkeka au kiti cha nyumbani kwako. Kina alama gani? Nani aliichagua, na inamwambia nani?