Mavyaa anataka kumkanda mtoto kichwa

*Shikamoo Shangazi. Mwanangu wa miezi mitano alikuwa na maji kichwani, akapasuliwa na kutiwa mpira. Sasa tuko nyumbani Mtongwe. Mavyaa asema kinundu kilicho nyuma ya sikio kikandwe kwa mafuta ya nazi kishuke, na kwamba mtoto alitiwa jicho kwa uzembe wangu. Nikikataa naambiwa sina adabu. Nifanyeje?*
*Mama Mwenye Wasiwasi, Likoni*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Kinundu hicho kisikandwe kamwe. Hiyo ni vali. Inayapitisha maji ya kichwani kwenye mpira mwembamba ulio chini ya ngozi ya shingo na kifua, hadi tumboni, na huko mwili huyafyonza. Mpira ni wa kukaa miaka. Usifunge kitambaa wala hirizi ya kubana juu yake.

Uzembe huna. Daktari Benjamin Warf, aliyefanya kazi katika hospitali ya CURE mjini Mbale, Uganda, aliandika mwaka 2005 kwamba zaidi ya nusu ya watoto wenye maji kichwani aliowatibu huko waliugua baada ya maambukizi, mengi ya uchangani. Wengine huzaliwa na maji hayo.

Linalonitia hofu mimi ni mpira kuziba au kuingia viini, na miezi ya mwanzo ndiyo ya hatari zaidi. Kila siku mkalishe akiwa ametulia, umguse utosi taratibu. Ukiwa umefura na kukaza ilhali halii, mwahishe hospitali. Vivyo hivyo akitapika mfululizo, akisinzia hata titi halitaki, macho yakielekea chini, akipata homa au degedege, au ngozi ya njia ya mpira ikiwa nyekundu. Usingoje kuche, wala tarehe ya kliniki. Feri ya Likoni huvuka usiku pia, na wa miguu halipi. Popote utakapofika, tangulia kusema, "Huyu ana mpira kichwani," maana homa na kutapika hudhaniwa malaria upesi.

Mavyaa usimfukuze kwa mtoto. Mikono yake inafaa: amkande miguu kwa mafuta yake, mbali na kidonda na mpira. Amshike mtoto ukimpima kichwa kwa futi ya fundi cherehani kila wiki, uandike kwenye kitabu cha kliniki. Mwende naye kliniki amsikie daktari mwenyewe.

Na mumeo je? Barua yako haikumtaja. Mavyaa ni mamake, basi aseme naye yeye, leo, kabla mafuta hayajapashwa moto.