KUPIMA SUKARI: NAWA KWANZA, SOMA BAADAYE

Somo la leo ni la kusoma namba. Namba zenyewe zinatoka kwenye mashine ndogo ya kupima sukari, ile inayoenea kiganjani. Siku hizi baadhi ya nyumba zenye mgonjwa wa kisukari zinayo. Kuwa na mashine ni jambo moja. Kupata namba ya kweli ni jambo jingine.

Desemba iliyopita nilikuwa Lingeka. Mayu mmoja wa darasa letu, mwenye umri uliopita miaka sitini, anajidunga insulini kila siku. Jioni ile alikuwa anawamenyea wajukuu maembe. Kijana wake akaleta mashine, akamtoboa kidole. Mashine ikaandika 19.4. Kijana akashtuka, akashika bomba la sindano ili amwongezee dozi.

Mayu akamzuia. "Baba, ngoja kwanza. Sukari ikipanda hivyo huwa nasikia kiu, na haja ndogo hainipi nafasi. Leo sina hata moja."

Akanawa mikono kwa sabuni, akaikausha vizuri kwa khanga safi. Akapimwa tena, kidole kingine. Mashine ikaandika 7.1.

Hebu fikirini, ndugu zangu. Dozi yenyewe haiongezwi kwa kukisia, hupangwa na mganga wa kituoni. Lakini mama yule angedungwa insulini ya sukari 19 wakati damu yake ina 7, sukari ingeshuka usiku watu wamelala. Mvua ilikuwa imenyesha, na udongo wetu mweusi wa mbuga mnaujua unavyoshika magurudumu. Kumfikisha kwa mganga ingekuwa kazi.

Sasa tuulize, je, mashine ilikuwa mbovu? Hapana. Mashine ilipima kile ilichopewa, yaani damu na maji ya embe.

Mtu mzima ana damu kama lita 5 hivi. Sukari iliyomo katika damu yote hiyo, kwa mtu asiye mgonjwa, ni karibu kijiko kimoja tu cha chai. Lakini maji ya embe bivu yana sukari zaidi ya mara 100 kuliko damu, kipimo kwa kipimo. Na tone linaloingia kwenye mashine ni dogo kuliko punje ya ufuta. Basi alama kidogo ya embe, muwa, asali au soda kwenye ngozi inatosha kuiharibu namba yote.

Mwaka 2011 watafiti wa Japani walionyesha jambo hili. Watu wasio na kisukari walimenya matunda kisha wakapimwa kidoleni. Namba zikapanda sana. Wakafutwa kidole kwa spiriti, bado namba zikawa juu. Waliponawa kwa maji, namba zikarudi mahali pake. Kwa hiyo pamba ya spiriti haichukui nafasi ya maji na sabuni. Na ukishanawa, kausha. Kidole chenye maji huichuja damu, na namba inashuka kwa uongo.

Toboa ubavuni mwa kidole, siyo kwenye ncha. Ubavuni hapaumi sana. Ukiona damu haitoki, teremsha mkono chini, uutikise. Usikamue kidole kama unakamua ng'ombe. Ukikamua kwa nguvu, majimaji ya nyama yanachanganyika na damu. Kisindano cha kutobolea ni cha mtu mmoja tu. Hata mume na mke wasichangie, kwa sababu ya UKIMWI na homa ya ini.

Sasa tuje kwenye stripu, vile vijiti vinavyochomekwa kwenye mashine. Hapa ndipo nyumba nyingi zinakosea, na mimi mwenyewe sikujua mpaka muuguzi mmoja aliponieleza. Insulini wengi wetu tunaihifadhi kwenye mtungi wa udongo wenye ubaridi wa mchanga uliolowa, na ni vizuri. Lakini stripu usiziweke humo. Adui wa stripu ni unyevu. Zikae kwenye kopo lake, kifuniko kimefungwa, mahali pakavu pasipo na jua. Adui wa pili ni joto. Stripu nyingi zimeandikiwa zisizidi nyuzi 30, na mchana wa Oktoba chini ya bati unazidi hapo. Basi tafuta chumba chenye kivuli, au nyumba ya nyasi kama bado unayo. Usilitundike kopo jikoni juu ya moto.

Soma pia maandishi ya kopo. Kuna tarehe ya mwisho. Halafu kuna siku za kutumia tangu ulipolifungua. Kwa aina nyingine ni miezi 3, kwa nyingine 6. Andika mwenyewe kwa kalamu siku uliyolifungua. Kama mashine yako ni ya kuweka namba za siri za kopo, hakikisha zinafanana. Stripu ni ghali, najua. Ndiyo maana inaniuma nikiona moja imepotea kwa kidole ambacho hakikunawa.

Tuingie kwenye kusoma kwenyewe. Hapa kwetu mashine nyingi huandika kwa milimoli, zenye nukta, mfano 5.4. Angalia nukta! 5.4 siyo 54. Lakini mashine nyingine, hasa zilizoletwa na ndugu kutoka Marekani, huandika kwa miligramu, bila nukta. Hizo unagawa kwa 18. Ikiandika 126, ni sawa na 7. Ikiandika 54, ni sawa na 3, na hiyo ni hatari, kwa sababu chini ya 4 sukari imeshuka. Ukiona herufi HI, siyo salamu. Maana yake sukari imepanda mpaka mashine imeshindwa kuihesabu. LO maana yake imeshuka mno. Kwa zote mbili usikae nyumbani kusubiri.

Jambo jingine: ukipima mara mbili ukapata 9.2 na 10.1, usiitupe mashine. Kiwango cha kimataifa cha mwaka 2013 kinairuhusu mashine kupishana na maabara kwa asilimia 15, sukari ikiwa 5.6 au zaidi. Kama maabara inasema 10, mashine ikisema 8.5 au 11.5 bado ni nzima.

Sikukuu ile kijana mmoja alirudi kutoka Mwanza akiwa na kitu cheupe, mviringo, kimebandikwa nyuma ya mkono. Wazee wakanong'ona kwamba ni hirizi. Kumbe ni kipimo cha sukari! Kina uzi mwembamba unaokaa chini ya ngozi siku kama 14, na namba anaziona kwenye simu. Ni ghali, kwetu wachache wanacho. Lakini nacho kina masharti yake.

Hakipimi damu. Kinapima majimaji yaliyo katikati ya nyama. Mnajua majaruba ya mpunga: maji yakijaa mfereji, jaruba halijai papo hapo. Ndivyo ilivyo. Sukari ya damu ikipanda baada ya kula ugali, au ikishuka wakati wa kulima, kifaa hiki huchelewa dakika 5 mpaka 15. Pia ukikilalia usiku, namba hushuka kwa uongo, ukageuka ubavu inarudi. Siku ya kwanza ya kukibandika namba zake hazijatulia. Na kwa baadhi ya aina, vidonge vingi vya vitamini C huzipandisha. Yule kijana bado anatembea na mashine ya kidole mfukoni. Namba na mwili vikibishana, ananawa, anajitoboa.

Lakini sikilizeni hapa. Mgonjwa akitetemeka, akitoka jasho la baridi, akianza kusema maneno yasiyoeleweka, na mashine haipo karibu, usiende kuitafuta kwa jirani. Mpe vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari kwenye maji, anywe. Baada ya dakika 15 ndipo upime. Kama amezimia, usimtie chochote mdomoni. Mlaze ubavu, mkimbize kwa mganga.

ZOEZI

1. Mashine ya miligramu imeandika 72. Hiyo ni milimoli ngapi? Andika hesabu yako kwenye daftari.

2. Nenda ukaangalie kopo la stripu nyumbani, au kwa jirani mwenye mashine. Lilifunguliwa lini? Linakaa wapi?

3. Mzee ametoka kula muwa. Mashine imeandika 16.8 na yeye anajisikia mzima. Jadilianeni darasani: mnaanza na nini?