Umeme, ngurumo, radi: maneno matatu kwa usiku wa Ziwa Albert

Katika Kiswahili cha Bunia na Irumu, neno radi hubeba mara nyingi mambo matatu: mwanga unaoonekana, mlio unaosikika na pigo linaloua. Tukizungumza nyumbani, muktadha hutusaidia. Lakini mvuvi wa Kasenyi aliye ziwani saa nane ya usiku anahitaji kujua ni lipi kati ya hayo matatu tunalomwambia.

Tuanze na hewa yenyewe. Bunia iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,275; Ziwa Albert liko chini yetu, karibu mita 620. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, upepo hutoka ziwani na mawingu hujengeka juu ya vilima. Usiku mambo hugeuka. Nchi hupoa, maji hubaki na joto, na hewa baridi huteremka kutoka milimani hadi ziwani. Hewa yenye unyevu inayokaa juu ya maji husukumwa juu, na wingu la radi huzaliwa. Utaratibu huu umechunguzwa zaidi kwenye Ziwa Victoria: mwaka 2016 Wim Thiery na wenzake walionyesha jinsi mvua kali za huko zinavyotokea usiku. Mwaka huohuo, hesabu iliyofanywa kwa setilaiti iliiweka Kabare, Kivu Kusini, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa umeme: miale 205 hivi kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka.

Sasa maneno. Umeme nalilinganisha na metameta: ni kitu cha macho. Ngurumo limetokana na kitenzi nguruma: ni kitu cha masikio. Radi limetoka katika Kiarabu, ambako ra'd ni ngurumo. Lilipoingia katika Kiswahili, maana ilihama kutoka kwenye mlio hadi kwenye pigo. Ndiyo maana Kiswahili sanifu husema radi imepiga, au fulani amepigwa na radi.

Tukiyapanga hivyo, maneno haya yanakuwa ngazi ya hatari. Umeme wa usiku huweza kuonekana kutoka mbali sana. Ngurumo kwa kawaida haisikiki zaidi ya kilomita 15 hadi 20, basi anayeisikia yuko karibu. Sauti hutumia sekunde tatu hivi kwa kilomita moja: ukihesabu sekunde 15 baada ya mwanga, wingu liko kilomita tano. Na radi huweza kupiga mahali ambapo mvua haijafika bado. Juu ya maji, mtu aliye mtumbwini ndiye kitu kirefu kuliko vyote.

Tangazo linalosema "usiku kutakuwa radi" linaifuta ngazi hiyo. Kifaransa, lugha ya taarifa nyingi tunazotafsiri, hutenganisha éclair, tonnerre na foudre. Tukiandika radi kwa yote matatu, tunampa msomaji pungufu wakati lugha yetu ina maneno ya kutosha. Ninapendekeza tuandike hivi:

"Ukiona umeme upande wa ziwa, usiingize mtumbwi majini. Ukisikia ngurumo, rudi kando upesi. Usingoje radi."

Vitenzi vitatu vinatosha: kuona, kusikia, kungoja. Wanafunzi wenzangu wa tafsiri, tuvijaribu kwa sauti mbele ya wavuvi wenyewe kabla ya kuvipeleka redioni.