Majani ya Mabaka Kwenye Baridi ya Mafinga

Krotoni zinazowaka rangi kwenye mageti ya Dar es Salaam na Tanga hazitawaka hivyo Mafinga. Zipandishe huku kwa basi mwezi wa tano, na ukifika wa nane utakuta vijiti vitupu. Naanza na hilo kwa sababu watu wanaohamia mjini kwetu huniuliza swali moja kuliko mengine yote: nipande nini chenye rangi kisife? Vipo vingi, na vingine hupendeza zaidi huku kwenye baridi kuliko huko chini kwenye joto. Ila kwanza ulielewe jani la mabaka, ndipo ujue baridi yetu inalifanyia nini.

Mafinga ipo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, imezungukwa na paini na milingoti. Jirani yetu ni Shamba la Miti Sao Hill, lenye zaidi ya hekta 135,000. Mvua huanza Novemba na kukatika Aprili au Mei. Baada ya hapo ukungu hulala juu ya mapaa hadi jua lipande, na usiku usio na wingu kati ya Juni na Agosti sakitu inaweza kushuka. Maelekezo mengi ya maua unayoyakuta yamewalenga watu wenye joto la pwani, au watu wa Ulaya wanaowasha mashine ya kupasha nyumba joto. Sisi hatumo kwenye makundi hayo.

Sasa jani lenyewe. Sehemu nyeupe au ya njano imekosa klorofili, ile rangi ya kijani inayotumia mwanga kutengeneza chakula. Kwa hiyo haijilishi. Inalishwa na sehemu ya kijani iliyo pembeni yake. Ni kama kaya ambayo nusu ya watu wanakula lakini hawaendi shamba. Ukilishika hilo, mengine yote yanajieleza: kwa nini mmea wa mabaka hukua polepole kuliko ndugu yake wa kijani, kwa nini unataka mwanga mwingi zaidi lakini unaungua upesi zaidi, na kwa nini maji unayompa wa kijani kila wiki yanaweza kumwozesha huyu mwezi wa sita.

Mabaka ya fedha ni habari nyingine. Kwenye pilea, na kwenye baadhi ya begonia, ule mng'ao ni hewa iliyonaswa chini ya ngozi ya jani na kurudisha mwanga. Chini ya hewa hiyo kijani kipo na kinafanya kazi. Ndiyo maana pilea hunisitawia kwenye kona ya sebule ambayo mmea wenye kingo nyeupe ungedhoofika.

Tuje kwenye mwanga, maana hapa ndipo wengi wanapotea. Kwa kuwa tuko kusini ya ikweta, wakati wa baridi jua linapita upande wa kaskazini. Kwa hiyo kuanzia Aprili hadi Agosti dirisha la kaskazini ndilo lenye jua, na la kusini lina mwanga mtulivu tu. Karibu na katikati ya Oktoba jua linakuwa utosini, kisha linahamia kusini hadi linaporudi utosini mwishoni mwa Februari. Mimi huhamisha vyungu vyangu kulifuata: Mei vinakwenda kaskazini, nyuma ya pazia jepesi, na Oktoba navitoa dirishani kabisa, navisogeza hatua moja au mbili ndani ya chumba. Jua la nyanda za juu ni kali hata kama hewa ni baridi, na usidanganywe na sweta uliyovaa. Sehemu nyeupe ikipigwa jua la mchana moja kwa moja inageuka rangi ya karatasi iliyoungua, na jeraha hilo haliponi. Utalikata jani au utaishi nalo.

Kiangazi nacho kina vumbi, hasa kwa sisi tulio karibu na barabara za udongo. Vumbi likitanda juu ya jani lenye kijani nusu, umelinyang'anya mwanga ambao tayari ni haba. Kitambaa laini chenye maji ya uvuguvugu kinatosha. Shika jani kwa chini kwa kiganja, futa kwa juu kuanzia shingoni kwenda nchani. Nafanya kazi hii jioni, na ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu unalazimika kulitazama jani moja moja. Hapo ndipo unaona kwamba hakuna mawili yanayofanana, na kwamba lile lililotoka juzi lina doa dogo jeupe ambalo mama yake hakuwa nalo.

Kuhusu sakitu: hewa ya baridi ni nzito, inateremka. Ndiyo maana vinyungu, zile bustani za bondeni, hupigwa kwanza na nyumba za mlimani husalimika. Kama uwanja wako una mteremko, weka mimea laini upande wa juu, karibu na ukuta, chini ya upenu. Ukuta wa tofali za kuchoma unatunza joto la mchana na kulitoa usiku. Epuka ukuta unaopigwa na jua la asubuhi, kwa sababu jani lililoganda likipashwa ghafla hudhurika zaidi kuliko lile linaloyeyuka taratibu. Kiroba au shuka kuukuu juu ya vijiti vinne linatosha kufunika usiku, mradi nguo isilale juu ya majani yenyewe. Nailoni iliyogusa jani haisaidii kitu.

Udongo wa kwenye vyungu ni jambo ambalo Mafinga imebarikiwa nalo. Maganda ya paini yamejaa kwenye mashine za kupasulia mbao, na mara nyingi unapewa bure. Nayaponda vipande vya ukubwa wa punje ya hindi, nayaacha yanyeshewe msimu mmoja, kisha nachanganya debe moja la maganda, debe moja la udongo wa juu na nusu debe la mboji iliyoiva. Maji yanapita, mizizi inapumua. Vumbi la mbao bichi sitii kwenye chungu, kwa sababu likioza linavuta naitrojeni yote na mmea unabaki njano, njano ya njaa. Na jambo moja la kuzingatia sana katika mji huu wa nguzo: usichukue kamwe vumbi wala vipande vya nguzo za umeme zilizotiwa dawa, zile zenye ukijani. Dawa yenyewe ina shaba, kromi na aseniki. Isiingie kwenye chungu, isiingie kwenye bustani ya mboga, wala usiichome jikoni.

Kumwagilia sitakuandikia ratiba. Ingiza kidole hadi kiungo cha pili. Kama kuna unyevu, acha. Juni na Julai chungu changu cha sanseveria hukaa kikavu kwa wiki nyingi na hakilalamiki. Maji ya bomba asubuhi ya baridi huwa makali, kwa hiyo nayachota jana yake yalale ndani. Mbolea ninaweka kidogo sana wakati wa mvua, na siweki kabisa wakati wa baridi. Ile urea ya kwenye mahindi ibaki kwenye mahindi, itaunguza mizizi iliyobanwa chunguni.

Sasa kuzalisha, na hapa nitakaa, kwa sababu ndipo mabaka yanapopotea mikononi mwa watu wenye nia njema kabisa. Mabaka mengi ya kingo nyeupe au njano yanatokana na mmea kuwa na tishu za aina mbili ndani ya mwili mmoja. Kwenye ncha inayokua, chembe zimepangwa kwa tabaka. Tabaka moja lina uwezo wa kutengeneza kijani, jingine halina. Mjerumani Erwin Baur alilieleza hili mwaka 1909 kwa kuchunguza jeraniamu zenye kingo nyeupe, maua yale yale tunayoyaweka barazani. Mwaka huo huo mwenzake Carl Correns alionyesha kwenye ua la mirabilis kwamba mbegu zinazotoka kwenye tawi jeupe huzaa miche myeupe, haidhuru chavua imetoka wapi. Miche hiyo inakufa ikishamaliza akiba ya mbegu. Kwa hiyo mimea mingi ya namna hii haizalishwi kwa mbegu. Inazalishwa kwa kipande.

Ila si kila kipande. Chukua sanseveria yenye kingo za njano, ile aina ya Laurentii iliyotoka misitu ya Kongo. Ukikata jani lake na kulichomeka kwenye udongo, litaota, tena vizuri, lakini kitoto kitakachochomoza kitakuwa kijani kitupu. Chipukizi linatokea kwenye tishu za ndani, na kingo za njano hazina sehemu humo. Ukitaka njano ibaki, ng'oa kichaka kizima, kung'uta udongo, utafute shina nene la chini linalounganisha mama na mtoto, ulikate kwa kisu kikali. Acha jeraha likauke siku kadhaa kabla ya kupanda. Kwenye baridi yetu ongeza siku. Kazi hii ifanyike Oktoba au Novemba, joto likirudi.

Kwa mani planti na mimea mingine inayotambaa, lisome shina kabla ya kukata. Kila jani linapoungana na shina pana jicho dogo lililolala, na tawi jipya litatoka hapo. Tazama mstari mweupe unaopanda shinani. Ukipita katikati ya jicho, nusu kijani nusu nyeupe, hilo ndilo la kukata. Jicho lililo kwenye kijani kitupu litakupa kijani kitupu. Lililo kwenye weupe mtupu litakupa majani meupe kama maziwa, mazuri ajabu, yasiyoweza kuishi peke yake. Kwenye mwanga wa dirishani utaliona jicho hilo bila miwani, dogo kama kichwa cha kiberiti.

Violeti za Usambara ndizo zinazonipa furaha ya pekee, kwa sababu ni zetu. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani kule Usambara, alizipeleka kwao, na mwaka 1893 Hermann Wendland akazipa jina la Saintpaulia. Leo zimo madirishani dunia nzima. Katika zile zenye kingo nyeupe, kama Tommie Lou, baridi huongeza weupe na joto hurudisha kijani. Julai ya Mafinga inazipaka chokaa. Usiogope, ila zikizidi weupe zisogeze mahali penye joto kidogo. Ukitaka kuzizalisha kwa jani, chagua jani lenye kijani kingi, maana jeupe halina chakula cha kuotesha mizizi.

Mmea wa mabaka unaweza pia kutoa tawi la kijani kitupu. Tawi hilo lina nguvu, litawakimbia wenzake, na ukiliacha litameza mmea. Likate mapema hadi kwenye shina lenye rangi mbili, kisu kikiwa kimepitishwa kwenye spiriti.

Bibi mmoja jirani yangu alisimama uani akaitazama klorofaitamu yangu yenye mistari. "Kamwene, mwanangu. Hii imeshikwa na batobato?" Nilimwamkia, tukainama pamoja. Swali lake ni la mkulima hasa. Batobato ya mihogo ilielezwa na Otto Warburg mwaka 1894 kutokana na mihogo ya Usambara hiyo hiyo, na kweli ni mabaka. Lakini jani lenye kirusi hujikunja, hudumaa, na njano yake haina mpangilio. Jani lenye njaa ya madini hubaki na mishipa ya kijani huku katikati pakipauka. Mabaka ya asili hurudi jani hadi jani, na jani limenyooka. Lipo ua moja linalovunja kanuni hii, abutiloni ya madoa ya njano, ambalo urembo wake ni kirusi kweli. Usilikatie kisu kile kile unachokatia mengine.

Ukinunua, hasa kwa picha za simu, omba kuonyeshwa shina na jani jipya. Miaka kadhaa iliyopita wanunuzi wa nje waliuziwa filodendroni iliyoitwa Pink Congo, majani yake ya waridi yakiwa yametokana na kemikali. Baada ya miezi kadhaa ilirudi kijani. Mmea wenye mabaka ya kweli unayaonyesha shinani na kwenye majani yanayofuata.

Wenye watoto wadogo, difenbakia na mani planti ziwekwe juu. Utomvu wake una vijisindano vinavyochoma mdomo na koo.

Kwa nje, mvua za Novemba zikianza, napendekeza jeraniamu yenye kingo nyeupe, aivi ya mabaka kwenye ukuta wa kivuli, haidrenjia ya mabaka, ambayo udongo wetu wenye asidi, ule ule unaopendwa na chai ya Mufindi, huyapa maua yake ubuluu, na mkonge wa mapambo wenye kingo za njano pale pakavu, mbali na njia kwa sababu ya miiba. Tradeskantia ya mistari ya fedha na zambarau iwe kwenye chungu tu. Inaota kwa kila kipande kinachoanguka, kwa hiyo mabaki yake nayakausha juani hadi yanavunjika mkononi, ndipo yanakwenda kwenye mboji. Yasitupwe kando ya msitu wala mtoni.