Kiburi cha Ulimi

Ndugu zetu, wapo miongoni mwa waliohamia Litein kutoka pwani ambao kazi yao ni kuwacheka wenyeji. Mchuma chai akikosea neno la Kiswahili, wao huangua kicheko. Lakini wakiamkiwa kwa Kikipsigis, "Chamgei", hawajui la kujibu. Miaka mingi wanunua maziwa kwa watu hawa, na maneno kumi ya lugha yao hawana! Na Mwenyezi Mungu amezitaja tafauti za lugha kuwa ni katika ishara Zake.

Na tumtazame Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa. Kiarabu alikuwa nacho, tena cha kutosha kujifaharisha. Hata hivyo mwaka 1930 alitoa "Sahifa" kwa Kiswahili, ili hata mvuvi afahamu. Heshima yake haikupungua. Mwaka 1937 alifanywa Kadhi Mkuu wa Kenya.

Basi tukienda sokoni, natuulize bei ya mboga kwa Kikipsigis. Tutakosea, na wauzaji watatucheka. Natuwaache wacheke, kisha tuulize tena.