Nani kakunja huo mwamvuli?

Mjomba wangu anashona maturubai Gerezani, hatua chache kutoka zogo la Mtaa wa Msimbazi, na cherehani yake ina umri mkubwa kuliko leseni yangu ya urubani. Niliporudi kutoka Diani, pwani ya Kenya, nilipita kumpa shikamoo, nikatoa simu nimwonyeshe picha. Nimo angani, mgongo umefungwa kwenye kifua cha mwalimu, mashavu yamepeperuka, mdomo wazi kama changu wa Feri.

Mama ntilie wa jirani alicheka mpaka akatua sufuria. "Ndege unayo, mafuta yamo, injini nzima. Sasa unaruka nje unamkimbia nani, baba?"

Mjomba hakucheka. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akaupita uso wangu, akaenda kwenye mikanda. "Hii kashona nani?" Kisha, bila kuinua macho: "Na huo mwamvuli kakunja nani, mjomba?"

Nimekaguliwa na wakaguzi wengi katika kazi hii, lakini sikumbuki swali lililonibana kama lile. Jibu langu lilikuwa simjui. Nilikuwa nimeruka kutoka futi 10,000 na ushee nikitegemea kitambaa kilichokunjwa na mtu ambaye sikumuuliza hata jina.

Hoja ya kama rubani ajaribu kuruka na mwamvuli huibuka kila tunapokaa kivulini Terminal One ya uwanja wa ndege wa Dar tukisubiri abiria wa Unguja. Wako wanaosema rubani mwenye akili hatoki kwenye ndege nzima. Wako wanaosema heri ujue, maana siku ya siku itakufaa. Mimi nasema jaribu, lakini hiyo sababu ya pili itoe kabisa kichwani kabla hujalipa.

Ndege za Caravan tunazorusha kwenda Unguja, Mafia na mbugani hazibebi miamvuli, na hata zingebeba isingekuwa dawa. Baada ya ile ndege ya ATR kuangukia Ziwa Victoria ikielekea kutua Bukoba, Novemba 6, 2022, watu 19 wakapoteza maisha kati ya 43 waliokuwamo, nilipita Kariakoo wiki nzima nikiulizwa swali moja: kwa nini kila kiti kisiwe na mwamvuli? Ni swali la uchungu na lina haki yake. Lakini mwamvuli unahitaji kimo na muda. Ndege inayokaribia uwanja haina vyote viwili, na abiria ambaye hajawahi kufungwa mikanda hiyo hawezi kuifunga akiwa gizani, huku milango ni michache na wenzake wamejaa nyuma yake. Na rubani je? Atatoka aache watu nyuma?

Hilo la rubani kuacha chombo ni la zamani. Katika Vita Kuu ya Kwanza, ileile iliyotuachia jina la Kariakoo kutokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, watazamaji wa Kiingereza waliokaa kwenye maputo walipewa miamvuli, lakini marubani wao wa ndege hawakupewa. Miamvuli ya wakati ule ilikuwa mizito, ndiyo, lakini pia kulikuwa na wakubwa walioona kwamba rubani mwenye njia ya kutokea ataiacha ndege mapema. Wajerumani waliwapa wao mwaka 1918, vita ikielekea ukingoni. Leo wanaovaa mwamvuli kazini ni wa ndege za kivita, wa michezo ya kubinuka angani, wa ndege za kunyiririka zisizo na injini, na wale wanaowapandisha warukaji. Kuna pia ndege ndogo za Cirrus ambazo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hutoka kiwandani na mwamvuli wa ndege nzima. Ukivuta kishikio, mnashuka wote, chombo na watu. Kama wewe hurushi mojawapo ya hizo, mruko wa Diani haukuongezei njia ya kutokea.

Basi unaongeza nini?

Nilidhani utaniongezea maarifa ya bawa, na kwa kiasi ndivyo. Mwamvuli wa siku hizi si ule wa duara tunaouona vichwani mwetu tukisikia habari za askari. Ni mstatili wenye vyumba vinavyojaa hewa, wazo alilolisajili Domina Jalbert huko Marekani katika miaka ya 1960, na ukishajaa unakuwa bawa kamili. Unasonga mbele, unapinda, na ukiuvuta kupita kiasi unaacha kubeba, kama ndege iliyoinuliwa pua mno. Kutua kwake ningeweza kumweleza mwanafunzi wa urubani bila kubadili maneno: pita na upepo ubavuni mwa uwanja, kata kona, kata tena, ukabili upepo, kisha karibu na ardhi vuta kuvunja mwendo. Mwalimu aliniachia vishikio kidogo kule juu, nikapinda kushoto na kulia. Nilijisikia fundi. Alivirudisha kabla sijaanza kujisifu.

Ila yote hayo yalikuja baada ya mlango.

Miaka yote hii mimi ndiye ninayesema "karibuni". Abiria anafunga mkanda, ananikabidhi roho yake, naye hajui nimelala saa ngapi. Najua kwa maneno kwamba wengine wanaogopa. Kuna bibi mmoja aliwahi kunishika mkono kabla ya kupanda akaniomba niende polepole kama dereva wa daladala, nikamwitikia kwa tabasamu la kazi. Diani niligeuka yule bibi. Ndege ilikuwa ndogo ya injini moja, na tangu inakimbia njiani masikio yangu yalifuata mlio wa injini, macho yakatafuta saa za mbele nisizoweza kuziona vizuri. Nilitaka kumwambia rubani jambo. Sikuwa na jambo. Nilitaka tu kuwa na usemi.

Mlango ulipofunguliwa, upepo uliingia kwa kelele ambayo sisi huijua kama dalili ya balaa. Mwili wangu wote ulikataa. Rubani amefundishwa kwamba mlango wazi angani ni kosa la kushughulikia, na sasa ndio njia. Miguu ilining'inia nje. Mwalimu akaniinua kidevu, na kabla sijamaliza kufikiri tulikuwa tumekwenda.

Wanaongoja tumbo kupanda kooni, kama kwenye bembea, watashangaa. Ndege ilikuwa tayari na mwendo, kwa hiyo huhisi kuporomoka, unahisi kulalia upepo mkali. Kasi inafika kama kilomita 200 kwa saa, na nusu dakika inapita bila hesabu. Kisha mwamvuli unafunguka, kelele inakatika, na unasikia sauti ya mwalimu kama mtu aliyekaa nawe barazani. Chini, bahari ya Diani, mwamba wa matumbawe umechora mstari mweupe, na mchanga tunaokwenda kutua juu yake.

Tangu siku ile salamu yangu kwa abiria imebadilika. Nawaambia mapema mlio utabadilika lini na kwa nini, kwamba mawingu ya juu ya bahari yatatutikisa kidogo, na kwamba mtikisiko huo siuogopi. Maneno ya nusu dakika. Zamani niliyaona ni ya kupoteza muda.

Na lile swali la mjomba? Nilirudi mara ya pili kwa ajili yake. Nikamwomba mwalimu anionyeshe. Kumbe mgongoni mwalimu hubeba miamvuli miwili. Ule mkubwa hukunjwa upya baada ya kila mruko, na wa akiba hukunjwa na fundi mwenye cheti, anayeweka lakiri na kutia saini kwenye kadi yenye tarehe. Juu ya hapo kuna kifaa kidogo, Cypres, kilichobuniwa na Mjerumani Helmut Cloth na kuanza kuuzwa mwaka 1991. Kinapima mgandamizo wa hewa, na kikiona ardhi imekaribia na bado unashuka kwa kasi, kinakata kitanzi na kuufungua mwamvuli wa akiba chenyewe. Niliisoma ile kadi kama ninavyosoma kitabu cha ndege asubuhi, saini ya fundi na tarehe. Mimi nilizoea saini hizo kiasi cha kuzipitia kwa jicho moja. Siku hizi nikikuta fundi bado yuko chini ya bawa, namsalimu kwa jina.

Sasa kama umeamua, haya ndiyo niliyoyalipia kwa ujinga wangu.

Mwambie rubani mkuu wa kampuni yako kabla, si baada. Kifundo cha mguu kikiteguka, cheti chako cha afya cha daraja la kwanza kinakaa kabatini na ratiba yako inaangukia kwa wenzako. Soma pia bima yako, maana nyingi huitaja michezo ya aina hii, na kwa ubaya. Usipange mruko zamu ikiwa karibu. Mimi nilipanga hivyo mara ya kwanza, na ilikuwa Julai, Kusi limekaza. Tulikaa siku mbili ufukweni tukitazama mchanga ukipeperuka, warukaji hawapandi, na mimi nahesabu saa za kurudi Dar. Nilipata nafasi siku ya tatu alfajiri, upepo ulipolegea, nikarudi mbio. Rubani wa pwani aliyesahau Kusi anastahili kuchekwa na manahodha wa majahazi. Mara ya pili nilikwenda Januari, Kaskazi likivuma kwa adabu.

Kama utazamia na mtungi wa hewa, na Diani vishawishi ni vingi, ruka kwanza, zamia baadaye. Ukishazamia, subiri siku nzima kabla ya kupanda juu tena. Hili tunalijua kwenye ndege na tunalisahau likizoni.

Viatu: raba zenye kamba, zinazobana. Zangu nilizipata mitumbani Karume kwa bei ya kubishana, na zinazidi kwa ubora zile mpya nilizoonyeshwa Mtaa wa Congo. Miwani ifungwe kwa kamba nyuma ya kichwa. Uzito una kikomo, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa, na usidanganye, kwani wana mizani. Bei ni ya mtalii. Sikushauri uchukue mafunzo kamili ya kuruka peke yako isipokuwa una likizo ndefu na mfuko mpana, maana ule ni mchezo unaotaka kurudiwa, na mrukaji wa mara moja kwa mwaka anajihatarisha. Mruko mmoja na mwalimu unatosha kwa kile ninachokisema hapa.

Ukifika, kabla hujavaa mikanda, omba kuiona kadi ya mwamvuli wa akiba. Mwalimu mzuri hatanuna. Wangu alifurahi, akaniita fundi mwenzake.

Mjomba nilimpelekea picha ya ile kadi pia. Aliitazama tarehe, akatikisa kichwa kuikubali, akaniuliza uzi ni wa aina gani. Hilo sikuwa nimeuliza.

Skydive Diani, nilikorukia, wako Kenya, pwani ya kusini ya Mombasa, na kutoka Dar huhitaji kupanda ndege. Panda basi la Mombasa la alfajiri, upite Chalinze, Segera na Tanga, uvuke mpaka Horohoro ukiwa na pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mwambie kondakta mapema kwamba unashukia Ukunda, maana ukisinzia utaamkia Mombasa.