Mlango wa Jiko Ukikaza: Legeza Kishikio bila Nyundo

Msimu wa baridi umefika, na katika nyumba nyingi za nyanda za juu jiko la kuni ndilo linalopika ugali, kuchemsha maji ya kuoga na kupasha chumba joto. Tunazungumzia lile jiko la chuma lenye milango na bomba la moshi, ambalo wengi huliita Dover hata kama lilichomelewa na fundi wa jua kali. Likitunzwa vizuri, hudumu miaka mingi.

Sehemu inayosumbua mapema ni ndogo: kishikio cha mlango, au handeli. Huanza kwa kukwama kidogo tu. Baada ya wiki chache mpishi hukizungusha kwa mikono miwili. Mwishowe hukipiga kwa ukuni au nyundo. Somo la toleo hili linaonyesha jinsi ya kukilegeza ukiwa nyumbani, na wakati gani umwite fundi.

Kwa nini tusipuuze

Mlango wa jiko huzuia makaa na moshi, na pia hupima hewa inayofikia moto. Usipofunga sawasawa, hewa huingia bila kipimo, kuni huisha haraka na bomba hupata joto kupita kiasi. Makaa yanaweza kudondoka sakafuni usiku mkiwa mmelala. Bomba nalo likiwa limeziba, gesi ya kaboni monoksidi huweza kujaa ndani ya nyumba. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na huua.

Mlango usiofunguka nao ni hatari. Anayeuvuta kwa nguvu huenda ukamfungukia ghafla, mkono ukaingia motoni au sufuria ya maji moto ikamwagika. Mara nyingi kuna mtoto karibu.

Kwanza, tambua chanzo

Kagua jiko likiwa limepoa kabisa. Liache usiku kucha bila moto, kisha utoe jivu kwa ndoo ya chuma na kuliweka nje. Kumbuka kwamba makaa yanaweza kukaa hai chini ya jivu hata siku nzima. Usimwagie jiko maji ili lipoe haraka, kwa maana chuma cha moto kikipozwa ghafla hupasuka.

Sasa zungusha kishikio mlango ukiwa wazi, kisha ukiwa umefungwa.

• Kikikaza hata mlango ukiwa wazi, tatizo liko kwenye pini ya kishikio. Imeshika kutu, au imejaa masizi na ule utomvu mweusi unaoachwa na moshi wa kuni mbichi.

• Kikiwa chepesi jiko likiwa baridi lakini kikakwama likipata moto, pini imebanwa mno. Chuma hutanuka kwa joto, hivyo lazima kuwe na nafasi ndogo kati ya pini na tundu lake.

• Ukilazimika kuinua mlango ndipo ufunge, bawaba zimechakaa na mlango umeshuka. Kishikio chenyewe hakina kosa.

• Ukilazimika kuusukuma mlango kwa goti, angalia fremu. Huenda kuna jivu lililoganda, au ile kamba ya kuzuia moshi imekauka na kuwa ngumu.

Hatua za kulegeza

Utahitaji brashi ya waya, kipande cha msasa, spana, tambara kavu na penseli ya kawaida.

1. Fungua nati inayoshika kishikio. Panga nati, washa na springi kwa mfuatano ulivyozitoa, au uzipige picha kwa simu, ili usisahau zinavyorudi.

2. Nati ikikataa kufunguka, weka matone machache ya mafuta ya kulegeza kutu na usubiri angalau saa moja. Usitumie mafuta taa wala petroli. Ukimaliza, pangusa mafuta yote na uache sehemu hiyo ikauke kabla ya kuwasha moto.

3. Toa pini. Isugue kwa brashi, kisha kwa msasa, hadi chuma king'ae. Safisha tundu pia, kwa kuzungusha msasa uliokunjwa.

4. Paka pini penseli. Risasi ya penseli ni grafiti iliyochanganywa na udongo, na grafiti hulainisha ikiwa kavu na huvumilia joto. Sugua ncha ya penseli kwenye pini hadi iwe nyeusi kote. Usipake mafuta ya kupikia, mafuta ya gari wala grisi ya kawaida. Yakipata joto hutoa moshi, kisha huganda na kukaza kishikio kuliko mwanzo.

5. Rudisha kila kitu mahali pake. Kaza nati hadi ishike, kisha uilegeze kidogo ili pini ipate nafasi ya kutanuka. Kishikio kizunguke kwa mkono mmoja bila kuchezacheza.

6. Safisha fremu ya mlango. Kama jiko ni la zamani sana na lina kamba nyeupe iliyochakaa, usiikwangue wala kuipuliza. Baadhi ya kamba za zamani zina asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Muulize fundi mwenye ujuzi.

Kipimo cha karatasi

Weka kipande cha karatasi kati ya mlango na fremu, ufunge, kisha ukivute taratibu. Kikishikwa imara, mlango unabana. Kikitoka kwa urahisi, kuna mwanya hapo. Rudia pande zote nne. Kisha washa moto mdogo na ujaribu kishikio tena jiko likiwa limepata joto, ukivaa glavu nene.

Wakati wa kumwita fundi

Usijitengenezee mlango uliopinda, bawaba zilizolika au chuma cha kusubu kilichopasuka. Chuma hicho huhitaji namna yake ya kuchomelea, la sivyo hupasuka tena. Vyuo vya ufundi vya vijiji ni jukumu la serikali za kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010. Kilicho karibu nawe, kama kinafunza uchomeleaji, ni mahali pazuri pa kuulizia.

Mtu akiungua

Poza jeraha kwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga. Jeraha kubwa, au la mtoto mdogo, lipelekwe kituo cha afya mara moja. Nyumba ikishika moto, watoe watu wote nje kwanza, kisha upige simu ya dharura 999 au 112.

Ili tatizo lisirudi, choma kuni zilizokauka na upake pini penseli mwanzoni mwa kila msimu wa baridi. Na kishikio kikianza kukwama, kishughulikie wiki hiyo hiyo, kabla mtu nyumbani hajafikiria kuchukua nyundo.